Je, kuimudu hasira ni ufundi unaofundishika?

Fundi wa Ngamiani
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 17 katika kazi hii, na ninafundisha vijana watatu. Wiki iliyopita mmoja wao alikata kitenge cha sare ya harusi maua yakiwa yameelekea chini, na dukani kitambaa hicho kilikuwa kimekwisha. Nilimfokea mbele ya wateja kwa maneno ambayo nisingependa mwanangu ayasikie kwa mtu yeyote. Hakujibu kitu. Aliuweka mkasi mezani taratibu, akaivua futi ya kupimia aliyokuwa ameitundika shingoni, akaondoka, na hajarudi mpaka leo. Mke wangu ananisihi nijifunze kuvumilia, lakini mimi huvumilia sana: huyameza mambo madogo wiki nzima, kisha siku moja yote hutoka kwa mpigo. Je, mtu wa umri wangu anaweza kufundishwa kuimudu hasira, na kama anaweza, aanzie wapi?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro
Ndugu fundi, pole kwa yaliyokufika, na pole zaidi imfikie kijana huyo. Jambo hili linafundishika, ila ni lazima kwanza tutenganishe kuimudu hasira na kuimeza, kwa sababu wewe mwenyewe umeshaeleza kumeza kumekufikisha wapi. Mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, amelichunguza suala hili kwa miaka mingi, na tafiti zake zimeonyesha kwamba mtu anayezificha hisia zake hupunguza kile kinachoonekana usoni tu. Ndani uchungu unabaki palepale, mwili unaendelea kuhangaika, na hata kuyakumbuka yaliyosemwa wakati ule huwa taabu. Anayepata nafuu ni yule anayelitazama jambo kwa jicho jingine mapema, hasira ikiwa bado haijapanda. Ulipokiona kitenge kile, huenda moyo ulikuambia, "Kijana huyu ananidharau." Ungeweza pia kujiambia kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha kuwa kitenge cha maua kina juu na chini. Je, ulikuwa umemwonyesha?

Binti Likoni
Shikamoo Mwalimu. Naongezea kwamba mtu hawezi kulitazama upya jambo ambalo hajalipa jina. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipigwa picha; walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia kama hofu, ilitulia kuliko walipochagua tu jina la mtu linalolingana na jinsia ya uso ule. Nasi Waswahili hatuna upungufu wa maneno. Hamaki hupanda ghafla, kinyongo hukaa moyoni kikasubiri siku yake, fadhaa humfanya mtu asijue ashike lipi, na fedheha ni kuvunjiwa heshima mbele ya macho ya watu. Tumezoea kuyaita yote haya hasira, na dawa ya moja haitibu jingine. Kaka fundi, siku ile ulishikwa na lipi hasa?

Mama Wawili, Nakuru
Nakubaliana na waliotangulia, ila kuna jambo linaloniuma. Ustadi huu wa hisia tunaudai kila siku kwa walio chini: mfanyakazi wa ndani, bi harusi aliyeingia ukweni juzi, kijana anayejifunza kazi. Wao huambiwa wavumilie, ilhali mwenye duka akifoka husemwa kwamba ndivyo alivyo. Katika kisa hiki aliyeimudu hasira yake ni kijana, aliyetukanwa mbele ya watu na bado akauweka mkasi taratibu. Ndugu fundi, usimtumie salamu kwa mtu. Ulimfokea hadharani, basi na msamaha umwombe hadharani, mbele ya wale wenzake wawili waliosikia kila neno.

Fundi wa Ngamiani
Mwalimu, mwanzoni sikukuamkia, kwa hiyo nami nasema shikamoo, na asanteni nyote. Swali la dada wa Likoni limenikosesha usingizi. Haikuwa hasira. Malipo ya awali ya sare zile nilikuwa nimekwisha kuyatumia kulipa ada ya shule, na nilipoona maua yale yameelekea chini niliingiwa na hofu kwamba mteja atanidai pesa nisiyokuwa nayo. Kijana hakujua lolote kuhusu hilo, na kweli sikuwahi kumwonyesha juu na chini ya kitenge. Jumapili nitakwenda kwao nimsikilize, na akikubali kurudi, Jumatatu nitazungumza mbele ya wenzake. Futi yake bado iko pale mezani alipoiacha.