Mkufu umepigwa 18K GP, naruhusiwa kuandika "dhahabu"?

nyabo_bijou: Habari zenu wakubwa, naomba munisaidie. Niko Kampala nauza herini na mikufu kwa WhatsApp, mzigo nachukua jumla Kikuubo. Mikufu mingi imepigwa 18K GP pale kwa kifungio, herufi ndogo sana mpaka umulike na simu ndio usome. Sasa kuna dada yuko London anataka nimtumie auze huko, lakini anasema kwa picha niandike tu "18K gold" juu ndio wateja wanatafuta. Sheria inasemaje? Na zile za silver 925 je?

fundi_sonara: Nyabo usiandike hivyo. GP ni "gold plated", yaani ya kupakwa dhahabu, ndani ni shaba au metali nyingine, hiyo 18 inahusu ganda la nje peke yake. Karati 18 ya kweli ni sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, ndio unakuta imepigwa 750, yaani sehemu 750 kati ya 1000, ya 22 ni 916, ya 9 ni 375. Chukua mkufu wa kupakwa uliovaliwa muda, angalia pale kiungo kimoja cha mnyororo kinaposuguana na kingine, wekundu wa shaba unatokea. Mteja aliyelipa pesa ya dhahabu akiona hapo utamwambia nini?

niko_leicester: Huku Uingereza dada atajiingiza matatani. Sheria ya Uingereza ya 1973 inakataza mfanyabiashara kuita kitu dhahabu au silver kama hakina mhuri wa ofisi ya kupima usafi wa dhahabu na silver, ziko nne, London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh. Vyepesi vinasamehewa mhuri, dhahabu chini ya gramu 1, silver chini ya gramu 7.78, ila maelezo lazima yawe ya kweli hata kwa hivyo. Kwa hiyo alama ya 925 (silver 925 kati ya 1000) iliyopigwa kiwandani peke yake haitoshi kwa mkufu mzito. "Gold plated" inaruhusiwa kabisa, kama ni kweli.

mnunuzi_jinja: Na musifikiri ni huko tu. Hapa Uganda kuna sheria ya mauzo ya bidhaa ya 2017, kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane nayo, la sivyo mnunuzi ana haki ya kukikataa. Yale maneno yako chini ya picha ndiyo maelezo, na skrinishoti inabaki. Watu wanachanga kwa shida wanunue pete ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, jamani, waambieni ukweli.

nyabo_bijou: Asanteni sana. Nikiandika "mkufu wa shaba uliopakwa dhahabu ya karati 18" iko sawa?

fundi_sonara: Iko sawa, bora ujue kweli ndani ni shaba, muulize anayekuuzia. Jaribu na sumaku, ikinata basi hiyo si shaba. Usiweke DHAHABU kubwa halafu "uliopakwa" kadogo huko chini. Na kwa herini uliza habari ya nikeli kabla hujatuma, inawasha masikio na Uingereza wameiwekea kiwango.