Filamu za Kanumba mnazigeuza, mnazikata, na kifo chake mnakiuza. Sasa basi!

Wakuu, nauliza kwa hasira: nani kawapa ruhusa wenye hizi chaneli za YouTube kuzifanyia filamu za marehemu Steven Kanumba, mwigizaji wetu wa Bongo, haya wanayozifanyia?

Ingia sasa hivi utafute filamu yake yoyote ile. Utakuta picha imegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto, ili mitambo ya kukamata wizi isiitambue. Mtu anaendesha gari Dar es Salaam usukani uko kushoto na vibao vya maduka vinasomeka kinyumenyume. Sauti nayo imekwezwa, kwa hiyo Kanumba anasikika kama mtoto aliyebanwa pua. Chini unapita utepe wa kubeti, tena unapita palepale penye maandishi ya Kiingereza ambayo wenyewe walihangaika kuyaweka ili hata asiyejua Kiswahili afuatilie. Halafu siri inakaribia kufichuka, mama mkwe ndiyo kwanza kashika kitasa cha mlango, pap! Inakatika. Sehemu ya pili haipo. Shuka kwenye maoni uone watu wanavyoiomba, na hakuna anayewajibu.

Na bado hapo sijagusa vichwa vya habari. "Kanumba alivyotabiri kifo chake", na picha ya jeneza juu. Unafungua, kumbe ni kipande cha mapenzi kutoka filamu ya kawaida kabisa. Huyu mtu ana mama aliyemzaa na ana ndugu. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Waliokuwepo Leaders Club siku ya kumuaga wanajua hali ilivyokuwa: watu wanazimia, wengine wamepanda miti, barabara za Kinondoni hazipitiki. Leo unachukua jeneza lile unalifanya chambo cha kupata watazamaji? Huna aibu?

Mimi ni shabiki wa Kanumba na nasema hivyo kifua mbele. Kijana ametoka Shinyanga, akapikwa kwenye kundi la maigizo la Kaole, tukamzoea kwenye tamthilia za ITV, kisha akaamua kuwa Bongo haimtoshi. Wakati wengi wetu tulikuwa tunawaangalia Wanaijeria kwenye mikanda na kuwaona watu wa sayari nyingine, yeye akaenda kufanya nao kazi, tukapata Dar to Lagos. Baadaye akaigiza na nyota wao Ramsey Nouah mwenyewe kwenye Devil Kingdom. Filamu yake ya Oprah ilipotoka mwaka 2008, yeye na waigizaji wenzake Ray na Irene Uwoya, mtaani kwetu banda la video lilijaza mpaka watu wakakaa nje wanasikiliza sauti tu. Kwenye Uncle JJ akawapa watoto nafasi ya kuigiza kweli, siyo kupita nyuma na daftari. Angalia anavyowasikiliza wale watoto wanapoongea. Anatulia, macho hayatoki kwao, hawaharakishi. Waigizaji wangapi wa leo wanajua kumsikiliza mwenzao mbele ya kamera?

Hiyo kazi ndiyo mnayoigeuza na kuibana pua. Kuna mpwa wangu, amezaliwa Kanumba akiwa ameshazikwa. Nilimwekea kipande kimojawapo, akaniuliza kwa nini huyu mtu anaongea kama katuni. Niliumia sana. Kizazi kizima kitamjua Kanumba kwa sauti ambayo haikuwa yake!

Kuna watakaokuja hapa kuniambia "acha vijana wapate riziki". Riziki gani? Aliyeshika kamera hapati kitu, msanii hapati kitu, familia haipati kitu. Hata majina ya waliofanya kazi yanakatwa mwanzo na mwisho ili chaneli iweke nembo yake. Mpiga picha, mtu wa sauti, mpambaji, wote wamefutwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na haizungumzii wizi peke yake, inakataza hata kuiharibu kazi ya mtu.

Ila hasira zangu haziishii kwa wezi. Enzi zile mtayarishaji alikuwa anauza masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji, anachukua hela yake, na haki zinaondoka na masta. Sawa, mlinunua. Sasa ziko wapi? Nilikwenda Kariakoo kwenye duka moja lililokuwa linauza hizi kazi kwa maboksi, nikaomba hata DVD ya zamani, niko tayari kulipa. Jamaa hata kichwa hakuinua kwenye simu yake: "Hizo tulishatupa, braza." Zimetupwa! Filamu zilizoliliwa na kuchekewa kuanzia Dar mpaka Bujumbura, zimekwenda jalalani na makava yake.

Mnaomiliki masta, kama bado mnazo, ziwekeni nzima, safi, na majina yote ya waliofanya kazi. Wekeni bei, tutalipa. Mkiacha pengo, wezi wataendelea kulijaza. Na Bodi ya Filamu pamoja na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, hizi chaneli haziko mafichoni, zina majina na zinaingiza matangazo mchana kweupe. Mnasubiri nani awaletee malalamiko wakati mwenye kazi yuko kaburini Kinondoni?

Nanyi mashabiki wenzangu, ukiona picha ya jeneza, usibonyeze. Ripoti chaneli, pita.

Mwenye Dar to Lagos nzima, haijageuzwa, sauti yake halisi, hata kama ni VCD yenye mikwaruzo, aje PM. Nainunua, na nauli ya kuifuata natoa mimi.