Je, Marekani nayo ilikuwa mkoloni? Tulijadili

Mleta mada, Morogoro

Ndugu zangu, salaam. Nafundisha Historia kidato cha tatu. Wiki iliyopita, nikiwa katikati ya ramani ya mgawanyo wa Afrika, binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, Mwingereza yupo, Mjerumani yupo, Mreno yupo. Mmarekani alitawala wapi?" Darasa likamjibu kabla yangu: hakutawala, yeye mwenyewe alitawaliwa. Kengele ikalia. Swali nimerudi nalo nyumbani, na naliweka hapa kwa sababu jibu la wale watoto ndilo jibu la watu wazima wengi ninaowafahamu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Marekani ilikuwa mkoloni kamili, ila ukoloni wake uliletwa kama zawadi, na wengi walioileta zawadi hiyo waliamini kwa moyo wote kwamba wanatenda wema. Mimi hapo ndipo ninapoogopa. Mwizi anajua anaiba, unaweza ukamwaibisha. Anayeamini anakusaidia, ukimkatalia anaona kukataa kwako ndiko kunakothibitisha kwamba bado unahitaji msaada wake.

Chukueni Hawaii. Januari 1893 kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, baadhi yao watoto na wajukuu wa wamisionari, walimpindua Malkia Liliuokalani. Mwakilishi wa Marekani pale Honolulu alishusha wanajeshi 162 kutoka manowari USS Boston, na malkia akasalimu amri kuepusha damu. Rais Cleveland mwenyewe aliliambia Bunge mwaka huohuo kwamba kosa limetendeka. Kiti hakikurudishwa.

Mwaka 1897 ulipoandaliwa mkataba wa kuiunganisha Hawaii na Marekani, wenyeji walizunguka kisiwa hadi kisiwa wakikusanya saini za kupinga. Nimeziangalia picha za kurasa zile kwa muda mrefu. Juu kuna maelezo kwa Kihawaii na Kiingereza. Chini ni safu ya majina na safu ya umri. Wanaume karatasi zao, wanawake zao. Unashuka na kidole: jina, umri, jina, umri, ukurasa baada ya ukurasa. Zilipatikana saini zaidi ya 21,000, wakati Wahawaii wenyewe walikuwa kama 40,000 tu, watoto wakiwemo. Wajumbe wakazipeleka Washington, na mkataba ukakosa theluthi mbili za Seneti. Mngedhani mambo yameishia hapo. Julai 1898 wakapitisha azimio la pamoja, ambalo linahitaji wingi wa kawaida tu, na nchi ikachukuliwa.

Mwaka huohuo ikaja Ufilipino. Wafilipino walikuwa wameshapigana na Hispania na kutangaza uhuru wao tarehe 12 Juni 1898 chini ya Emilio Aguinaldo. Desemba, kule Paris, Hispania ikaikabidhi nchi yao kwa Marekani kwa dola milioni 20. Mjumbe wao Felipe Agoncillo alikwenda Paris na hakuruhusiwa kuingia kikaoni. Siku chache baadaye Rais McKinley akatoa tangazo kwamba Marekani inakuja kama rafiki, na kwamba kazi yake ni kuwaunganisha Wafilipino nayo kwa hisani. Februari 1899 vita ikawaka. Makadirio ya kawaida ni wapiganaji 20,000 wa Kifilipino waliouawa, na raia wapatao 200,000 waliokufa kwa mapigano, njaa na magonjwa. Kisiwani Samar, mwaka 1901, Jenerali Jacob Smith aliamuru auawe kila anayeweza kubeba silaha, na alipoulizwa umri akasema kuanzia miaka kumi.

Na hao ndio walioambiwa wanapelekewa ustaarabu. Manila ilikuwa na Chuo Kikuu cha Santo Tomas tangu 1611, miaka 25 kabla ya Harvard. Wengi wao walikuwa Wakatoliki kwa karne tatu. Februari hiyohiyo ya 1899 lilichapishwa lile shairi la Mwingereza Rudyard Kipling kuhusu mzigo wa mzungu. Sisi tunalifundisha kana kwamba liliandikwa kwa ajili ya Afrika, kumbe lilielekezwa kwa Wamarekani, kuwahimiza waichukue Ufilipino.

Nawakaribisha, hasa wenye msimamo tofauti.

Mchangiaji, Nairobi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umeweka vitu viwili tofauti kwenye kapu moja. Nani aliwahi kupiga kura London kuamua kama Kenya ichukuliwe au la? Huko Washington Seneti ilibishana hadi mkataba wa Paris ukapita kwa 57 dhidi ya 27, kura moja tu juu ya kiwango kilichotakiwa. Kulikuwa na umoja mzima wa kupinga ubeberu, ulioanzia Boston 1898, na watu wakubwa kama mwandishi Mark Twain na tajiri Andrew Carnegie wakiwa ndani yake. Nchi inayojibishana yenyewe hivyo siwezi kuiweka sawa na Wajerumani kule kwenu wakati wa Maji Maji.

Halafu waliondoka. Mwaka 1934 walitunga sheria iliyoweka muda wa kuondoka, na mwaka 1946 wakaondoka. Mwaka 1946, mwalimu! Ufilipino ikipandisha bendera, wazee wetu hapa bado walikuwa wamening'iniza kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni.

Na shule. Agosti 1901 meli iitwayo Thomas ilishusha Manila walimu wapatao 500. Hili nalisema nikiwa na babu yangu akilini. Alipita Jeanes School, Kabete, iliyofunguliwa 1925 kwa mawazo ya Kimarekani na kwa msaada wa fedha za Carnegie. Alirudi kijijini anajua kuchimba choo, kupanda miti, kufundisha watoto kusoma. Nikiambiwa hiyo ilikuwa sumu iliyopakwa asali, nakataa.

Mchangiaji, Lubumbashi

Ndugu wa Nairobi, hata sisi wa Congo tuna neno hapa. Taifa la kwanza duniani kuitambua bendera ya jumuiya ya Mfalme Léopold wa Ubelgiji juu ya nchi yetu lilikuwa Marekani, Aprili 1884, miezi kabla ya wakubwa kukaa Berlin. Aliyemsukumia Léopold kazi hiyo Washington alikuwa Henry Sanford, balozi wao wa zamani Ubelgiji. Maneno yaliyotumika ni yaleyale ya mwalimu: kukomesha biashara ya watumwa, kufungua biashara huria, kuinua wenyeji.

Seneta aliyelibeba jambo hilo ni John Tyler Morgan wa Alabama. Huyu alikuwa jenerali wa upande uliopigania utumwa katika vita yao ya ndani, na alitamani Wamarekani weusi wahamishiwe Congo. Miaka kumi baadaye, 1894, Morgan huyohuyo aliongoza kamati ya Seneti iliyowasafisha waliosaidia kumpindua malkia wa Hawaii. Mtu mmoja, Hawaii na Congo! Tunaposema mambo haya yalikuwa mbali na sisi, tumkumbuke yeye.

Lakini haki itendeke pia. Mmoja wa watu wa kwanza kuyaanika maovu ya Léopold alikuwa Mmarekani mweusi, George Washington Williams. Alipanda mto hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, na hapo mwaka 1890 akamwandikia mfalme barua ya wazi akitaja udanganyifu wa mikataba, minyororo na vijiji kuchomwa. Hakukaa Ulaya kusubiri habari. Alikwenda akaona.

Mchangiaji, Tanga

Asalaam aleikum kaka zangu. Mmeongea Ufilipino ya Wakatoliki, na mimi nataka kuleta ya Waislamu wa kusini, wa usultani wa Sulu. Agosti 1899 Jenerali Bates alitia saini mapatano na Sultani Jamalul Kiram wa Pili. Nakala ya Kiingereza ilisema mamlaka kuu ya Marekani juu ya visiwa vyote vya Jolo, yaani Sulu, yanatangazwa na kukubaliwa. Nakala ya Kitausug, lugha ya sultani, haikusema hivyo. Yeye alielewa ni urafiki na ulinzi. Sisi tuliosoma habari za Chifu Mangungo wa Msovero na karatasi za Karl Peters hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Wamarekani walikwenda hadi Istanbul. Balozi wao alimwomba Sultani Abdulhamid, kwa cheo chake cha Khalifa, awashauri Waislamu wale wasipigane na Marekani. Mwaka 1904 Marekani ikayafuta mapatano yenyewe, upande mmoja. Machi 1906, watu waliokuwa wamepanda hadi kwenye kreta ya mlima Bud Dajo, wanaume, wanawake na watoto, waliuawa kwa mizinga na bunduki, mia kadhaa kwa siku chache. Kuna picha ya askari wamesimama juu ya handaki lililojaa maiti. Nimeiona mara moja na sitaki kuiona tena.

Kwa hiyo kaka wa Nairobi, huo mjadala wa Seneti unaousifu, mwanamke wa Bud Dajo alifaidika nao nini?

Mleta mada, Morogoro

Ahsanteni sana. Dada wa Tanga, hilo la nakala mbili litaingia kwenye somo langu. La Morgan sikulijua, na limenikosesha usingizi.

Ndugu wa Nairobi, nakujibu wewe zaidi kwa sababu hoja zako ndizo nzito. Ni kweli walibishana. Lakini sikiliza baadhi ya wapinzani wale walichokuwa wakipinga: wapo maseneta wa Kusini waliokataa kuichukua Ufilipino kwa kuwa hawakutaka watu wa rangi wale ndani ya taifa lao. Ndiyo maana 1901 Mahakama Kuu yao, katika kesi ya Puerto Rico, kisiwa walichokichukua nacho kutoka Hispania mwaka 1898, ilipata njia ya kuwaridhisha wote: kisiwa ni mali ya Marekani bila kuwa sehemu kamili ya Marekani, na katiba haiwafikii wakazi wake kikamilifu. Wapuerto Rico ni raia tangu 1917, wamekufa katika vita vya Marekani, na hadi leo wakiwa kisiwani kwao hawamchagui rais.

Waliondoka Ufilipino, sawa. Sheria ya 1916 iliahidi uhuru pindi itakapokuwepo serikali imara. Nani wa kupima uimara huo? Mwenye kutawala. Ilichukua miaka 30. Hata 1946 yenyewe, sheria ya biashara iliyoambatana na uhuru iliwataka Wafilipino wabadilishe katiba yao ili Wamarekani wawe na haki sawa na wenyeji katika madini na misitu, na wakabadilisha. Siku ya uhuru ilipangwa 4 Julai, siku ya Marekani. Mwaka 1962 Wafilipino waliihamishia 12 Juni, ile siku ya Aguinaldo. Kwa kipimo chao wenyewe walikuwa tayari tangu 1898. Sisi Watanganyika neno hilo "tayari" tunalijua: mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikadiria tungehitaji miaka 20 hadi 25, na London ikaona hata hiyo ni haraka. Tukajitawala 1961.

Kuhusu Kabete naongea kwa adabu, maana ni babu yako. Fuatilia wazo lile lilikotoka. Samuel Armstrong alizaliwa Maui, Hawaii, mwaka 1839, mtoto wa mmisionari aliyekuja kuwa waziri wa elimu wa ufalme ule. Aliona watoto wa Kihawaii wakifundishwa kazi za mikono kwenye shule ya wamisionari pale Hilo. Mwaka 1868 akaanzisha shule ya Hampton, Virginia, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kwa mfano uleule. Thomas Jesse Jones alifundisha Hampton, na mwaka 1924 akaongoza tume ya elimu ya Phelps-Stokes, ya mfuko wa Kimarekani, iliyopita Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, Kabete. Ni mnyororo mmoja: jembe, usafi, tabia njema, na siasa zisubiri. Wakikuyu walioanzisha shule zao huru mwishoni mwa miaka ya 1920 walikuwa wanataka elimu ambayo haikuwawekea kikomo cha namna hiyo.

Mchangiaji, Nairobi

La 12 Juni nimelipokea, na la Puerto Rico pia. Hizo siwezi kuzitetea.

Lakini babu yangu simwachii kwenye huo mnyororo wako, mwalimu. Alipoambiwa sehemu ya shamba la familia imewekwa upande mwingine wa mpaka mpya, alikaa mezani akamwandikia DC kurasa nne, akitaja kila mti na kila kaburi kama alama ya mpaka wa zamani. Shamba hatukurudishiwa. Nakala ya barua tunayo hadi leo, wino umekuwa wa kahawia, mistari imenyooka, kila herufi imefungwa vile alivyofundishwa Kabete. Waliomfundisha walitaka achimbe choo. Barua hiyo wewe utaiweka upande gani?