Ukoka au sangari? Nataka kupanda kwenye matuta

MamaMbuzi_Arumeru
Wakuu, na wakubwa shikamooni. Nimechimba matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu) kwenye shamba la mahindi, sasa natafuta majani ya kushika udongo na ya kukatia mbuzi. Jirani kaniletea gunia la vipando, anasema ni ukoka. Shemeji kapita kaona, kasema hiyo ni sangari, ukiipanda shamba limekwisha. Ni membamba, yanatambaa, masuke bado. Nitajuaje?

kijana_wa_jembe
Hiyo ndago mama, choma.

BwanaShambaMstaafu
Marahaba mama. Kijana, ndago si jamii ya nyasi: shina lake lina pembe tatu, ukilizungusha vidoleni unazisikia. Hayo yanayotambaa si ndago.

Mama, usisubiri masuke. Chukua jani, livute taratibu nje ya shina, uangalie kwa ndani pale vinapokutana. Ukiona kiwambo chembamba kama karatasi, ni sangari (Digitaria abyssinica). Ukiona ukingo wa vinywele vifupi, ni ukoka wa kawaida (Cynodon dactylon). Kafanye mchana juani, maana ni kitu kidogo.

Lakini hata ukiwa ukoka, mimi kwenye mahindi nisingeuweka. Wote wawili wana vishina vyeupe vyenye ncha vinavyopita chini kwa chini. Jembe likivikata umevizidisha. Tafuta ukoka mkubwa, Cynodon nlemfuensis. Ni wa huku huku Afrika Mashariki, majani mapana kidogo, unatambaa juu ya ardhi tu. Ukivuka tuta unaukata, basi. Fukua kabla ya kubeba: ukikuta kishina cheupe chini, waachie wenyewe.

kijana_wa_jembe
Sawa mzee. Na masuke yakitoka?

BwanaShambaMstaafu
Ukoka, vidole vyote vya suke vinaanzia sehemu moja juu ya shina. Sangari vinapishana kidogo, kimoja chini ya kingine.

MamaMbuzi_Arumeru
Nimevuta majani, kiwambo kipo. Shemeji atatamba mwezi mzima! Naweza kuwapa mbuzi hilo gunia?

BwanaShambaMstaafu
Wape, wanakula vizuri tu. Ila walie bandani, na mabaki yasiingie kwenye samadi mbichi unayopeleka shambani. Yaanike kwanza juu ya bati mpaka yakauke kabisa. Kipande kimoja chenye pingili kinatosha kuota.