Mjusi wangu kapoa sana kipupwe hiki, hali wala hatoki, nifanyeje wakuu?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Nipo Mabatini hapa Mwanza, nafuga mjusi kafiri dume, wale wa kichwa chekundu mwili bluu, watoto walimpiga mawe akavunjika mguu nikamtunza mpaka ukapona na sasa kanizoea. Tangu baridi ya Juni ianze rangi imefifia kawa kama udongo, panzi nikimwekea anawaangalia tu, anashinda chini ya kibao kafumba macho. Nasikia mijusi wa nje hulala msimu wa baridi, je na huyu nimwache alale au anaumwa? Sitaki kumpoteza jamani.

KirumbaKwetu: Pole mkuu. Wa kulala miezi ni wa kwenye winta, kama wale mijusi wa Australia wanaoitwa bearded dragon. Sisi tupo karibu na ikweta, mchana na usiku karibu sawa mwaka mzima, huyo anakosa joto tu. Boksi liko wapi?

Mleta uzi: Sebuleni, dirisha la kioo, jua la asubuhi linaingia vizuri.

MamaKuku_Nyegezi: Hapo ndo penye shida mwanangu. Kioo kinazuia miale ya jua inayoitwa UVB, bila hiyo hatengenezi vitamini D na kalsiamu haishiki, mifupa inalegea. Mtoe nje, wavu juu, jiwe bapa lipigwe jua kuanzia saa tatu na upande mmoja uwe kivuli ajipeleke mwenyewe akizidiwa. ILA usimlishe kwa nguvu akiwa wa baridi!! chakula hakisagiki kinamuozea tumboni. Maji mnyunyizie kwenye jiwe alambe.

Mtu wa Mifugo: Mpime kila wiki kwa mzani wa jikoni. Shina la mkia likikonda, nyonga zikatokeza, macho yakazama au anahema mdomo wazi na mate yanavutika, hiyo sio baridi tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo na kinyesi kibichi kwenye kikopo wacheki minyoo. Dawa za kuku usimpe.

Jiwe_Juu: Huyo ni mnyamapori mkuu, kumfuga kunataka kibali, waone TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Mguu si umepona, akipata nguvu arudi kwenye mawe yake, ila sio akiwa hivyo.

Mleta uzi: Nashukuruni sana, nitawaona. Leo mawingu tupu toka asubuhi, kesho jua lisipotoka nitumie balbu ya vifaranga?

MamaKuku_Nyegezi: Tumia, ila ikae juu ya wavu asiifikie maana wanaungua bila kushtuka. Weka kiganja kwenye jiwe, liwe la moto ila mkono unavumilia. Usiku zima.