Mume wangu amefungiwa kushindana miaka 2 kwa sababu ya sindano ya goti. Tukate rufaa CAS (mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa michezo)?

MamaIten: Hamjambo ndugu zangu. Mume wangu hukimbia mbio za barabarani. Goti lilimfura, akaenda kliniki, akachomwa sindano bila hata kuulizwa kazi yake. Baada ya mbio akapimwa, ikaonekana triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe. Karatasi tuliyopewa imeandikwa "sindano ya maumivu" tu, jina la dawa hakuna. Mbio ndizo zinazotulipia karo ya watoto. Kuna aliyewahi kufika CAS? Na gharama je?

KochaMstaafu: Pole sana mama. Soma mwisho wa uamuzi mliopewa, siku za kukata rufaa zimetajwa pale, na zikipita basi. Ujue pia upande uliomshtaki nao una haki ya kukata rufaa. Rita Jeptoo, mkimbiaji wa marathoni, alipewa miaka 2 kwa EPO (dawa ya kuongeza damu), shirikisho la riadha la dunia likaenda CAS, na mwaka 2016 ikawa 4.

Wakili_Eldy: Kweli kocha, lakini dada usikate tamaa. CAS husikiliza kesi upya. Mwaka 2024 Simona Halep wa tenisi alitolewa miaka 4 hadi miezi 9, Pogba wa soka miaka 4 hadi miezi 18. Hawakushinda kwa machozi, walieleza dawa iliingiaje mwilini.

Triamsinoloni imekatazwa wakati wa mashindano tu. Kwa hiyo kesi yenu iko kwenye faili la kliniki. Ikichomwa gotini, WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli) hushauri kungoja siku 10 kabla ya kushindana. Ikichomwa kwenye msuli, siku 60. Itisheni nakala yenye jina la dawa, kiasi, tarehe na mahali alipochomwa. Halafu, kibali cha matibabu, yaani ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa ajili ya kutibiwa, aliomba? Aliyetibiwa nje ya mashindano anaruhusiwa kukiomba hata baada ya kupimwa.

MamaIten: Habari ya kibali ndiyo naisikia leo. Kuna mtu amesema anaweza kututengenezea barua ya daktari.

KochaMstaafu: Mama, tafadhali sana, mkatae huyo! AIU (kitengo cha uadilifu cha riadha) huuliza hospitali yenyewe. Barua ya kughushi ni kosa lingine kabisa, na adhabu yake yaweza kufika miaka 4.

Wakili_Eldy: Kuhusu gharama, CAS ina mfuko wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Ombeni mapema. Na asishiriki mbio zozote za shirikisho, maana rufaa peke yake haisimamishi adhabu, na akikimbia anaongezewa muda mwingine wa kufungiwa.

MamaIten: Asanteni sana. Jumatatu tunaenda kliniki wote wawili kuitisha faili.