Ukoo wa Uyole: Upendo yuko Mosi-oa-Tunya

Upendo: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Ndiyo narudi hotelini hapa Livingstone, nimelowa chapachapa hadi soksi. Leo tumetembezwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ya Victoria, pande zote mbili, Zambia na Zimbabwe.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Kumbe huko mvua inanyesha?

Upendo: Hapana Bibi, ni maji yenyewe. Yanaanguka zaidi ya mita 100, yakigonga chini yanapanda tena juu kama moshi, halafu yanakunyeshea. Pale ukingoni pana msitu mbichi kabisa, ukisogea kidogo tu unakuta nyasi kavu. Nimeshangaa sana.

Mjomba Ayubu: Hongera mama. Mimi na shangazi yako tunapanga kuja Oktoba, nikipata likizo. Upande wa Zambia peke yake si unatosha?

Upendo: Mjomba, kwa Oktoba hautoshi. Mwongozaji wetu ametueleza kwamba mto Zambezi hujaa zaidi mwezi wa Aprili, kisha hupungua mpaka Oktoba na Novemba. Wakati huo ukuta wa Zambia sehemu kubwa hubaki mwamba mtupu. Maji yanayobaki hupitia zaidi Zimbabwe.

Upendo: Na hata sasa Juni, kila upande una lake. Zimbabwe unayaona kwa upana wake, maana yana mita 1,708, na njia inakupitisha mbele yake kituo baada ya kituo. Zambia ndiko unakoyakaribia. Kuna daraja jembamba la miguu, linaitwa Knife Edge. Pale huoni kitu, ni maji usoni! Nilishikana mikono na mama mmoja wa Ndola tukavuka huku tunapiga kelele za furaha.

Mama Tumaini: Na mpakani?

Upendo: Viza hatudaiwi dada, ila paspoti inagongwa mara nne kwenda na kurudi, angalia kurasa zako. Katikati ya mpaka ndipo lilipo lile daraja la reli la 1905. Tulilivuka kwa miguu, korongo liko chini zaidi ya mita 120. Upinde wa mvua tuliuona chini yetu! Viingilio ni viwili, kila nchi na chake. Zimbabwe wana bei ya watu wa SADC, kwa hiyo onyesheni paspoti dirishani. Na chakula msikibebe mkononi, nyani wanapokonya.

Baraka: Da Upendo, umeogelea kwenye lile bwawa la ukingoni?

Upendo: Devil's Pool? Sasa limefungwa, maji ni mengi. Hufunguliwa mto ukipungua, kuanzia Agosti hivi, na huendi bila mwongozaji. Mnapelekwa kwa boti mpaka Kisiwa cha Livingstone.

Shangazi Rehema: Bwawa la ukingoni? Mimi hapana. Ayubu, tusogeze safari mpaka Juni mwakani, shule zikifungwa tuwachukue na watoto.

Mjomba Ayubu: Sawa mke wangu. Kazini nitaomba mapema.

Bibi: Na mimi mniandike.

Upendo: Bibi, karibu sana! Njia ya Zimbabwe ni tambarare na kuna mabenchi ya kupumzikia. Tutaanzia huko asubuhi ukiwa na nguvu, Knife Edge tutawaachia vijana. Mama Tumaini, mtafutie koti la mvua refu, la kufika chini ya magoti.

Mama Tumaini: Jumamosi nitaangalia soko la Mwanjelwa.